Anwani za ziada kwenye seva ya kukodi: pakiti ifike kwanza, faiwali baadaye

Swali: "Assalaam aleikum mwalimu. Niko Wete, nasimamia mifumo ya kampuni ndogo ya kutembeza wageni. Tumekodi seva Ujerumani, nimetia Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na juu yake ninazo mbili: moja ya tovuti na bukingi, nyengine ya hifadhidata. Nataka kuongeza ya tatu kwa barua pepe. Nimenunua anwani tatu za IP. Ya kwanza nilipoitia kwenye mashine ya tovuti mtandao haukuja kabisa, hata ping hakuna. Kesho yake kampuni ya seva ikaniletea onyo kwamba imeonekana MAC isiyojulikana kwenye poti yangu. Nikadhani tatizo ni faiwali, nikaiwasha ili niandike kanuni za kuruhusu, na papo hapo nikafungiwa nje ya seva. Nifanye nini? Na kanuni niziandike wapi, kwenye seva au ndani ya kila mashine?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hapo yamekukuta mambo mawili kwa pamoja, na kila moja lina dawa yake. Anwani kukataa kufanya kazi hakukuhusiana hata kidogo na faiwali, yaani mlinzi anayeruhusu au kukataa kinachopita. Kufungiwa nje ndiko kulikoletwa na faiwali. Ukiyachanganya utakesha ukifungua poti, hali pakiti yenyewe, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, haijafika mlangoni.

Lakini ukiwa nje huwezi kufanya lolote, basi tuanzie hapo. Ingia kwenye paneli ya kampuni uliyokodi, uombe konsoli, yaani skrini na kibodi ya seva kupitia kivinjari. Usikimbilie hali ya uokozi, yaani kuiwasha seva kwa mfumo mwengine wa muda. Mafaili ya /etc/pve yanatoka kwenye hifadhidata ndogo ya Proxmox yenyewe, na mfumo wa uokozi ukiwaka hutayaona pahala pake. Kwenye konsoli ingia kama root, andika `pve-firewall stop`, kisha fungua /etc/pve/firewall/cluster.fw na `enable: 1` uifanye `enable: 0`. Utarudi ndani.

Sababu ya kufungiwa ni hii. Faiwali ya Proxmox huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha kwenye ngazi ya Datacenter, iliyo ya juu kabisa kwenye Proxmox, kila kinachoingia kwenye seva kinakataliwa, isipokuwa SSH (njia ya kuingia kwa amri) kwenye poti 22 na ukurasa wa usimamizi kwenye poti 8006, na hivyo viwili vinaruhusiwa kwa aliye kwenye mtandao wa karibu wa seva tu. Wewe uko Wete na seva iko Ujerumani. Kwa macho yake wewe ni mtu wa nje kama mwengine yeyote.

Sasa ile anwani. Lichukue lile onyo ulisome tena, uiangalie MAC waliyoitaja, yaani namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao. Kama Proxmox yako ni ya karibuni, huenda inaanza na BC:24:11, nayo ni alama ya Proxmox wenyewe: mashine pepe imezaliwa na MAC hiyo. Uliiunganisha mashine kwenye daraja la vmbr0, yaani swichi ya programu ndani ya seva, na daraja hilo ndani yake lina kadi halisi ya seva. Kwa hiyo kila ilichokisema mashine yako kilitoka nje kikiwa na MAC yake, wakati swichi ya kampuni kwenye poti ile (tundu la waya wa seva yako) inaijua MAC moja tu, ya kadi ya seva. Ni kama pale bandarini Malindi, Unguja: tiketi unayo, umeilipia, lakini jina lililoandikwa si la kitambulisho ulichokishika, basi huvuki. Kampuni hazifanyi hivi kwa ukorofi. Bila ya ukaguzi huo, mpangaji yeyote angeweza kujitia anwani ya jirani yake na kula pakiti zake.

Kutoka hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kubaki na daraja lakini kuomba MAC inayotambuliwa. Hetzner hutoa MAC ya pekee kwa anwani moja moja ya ziada, ila si kwa anwani ulizouziwa kama kundi zima. OVH wana kitu kama hicho na wanakiita MAC pepe. Unaitengeneza kwenye paneli, unainakili, unaitia kwenye kadi ya mashine pepe ndani ya Proxmox, na mashine inajiona kama seva inayojitegemea. Ni rahisi, na mwenye mashine ya Windows asiyetaka kuhangaika namshauri aende huko. Ubaya wake ni kwamba siku ukiinakili mashine, au ukaongeza kadi ukasahau kubadilisha MAC, onyo linarudi, na safari hii wanaweza kukata poti nzima.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kwa hali yako: seva iwe ruta ya mashine zake. Pakiti za anwani za ziada zinafika kwenye kadi ya seva kwa MAC ile ile inayojulikana, kisha seva yenyewe inazipeleka ndani. Nje haitoki MAC ngeni hata moja. Hata ukikosea, kosa linabaki nyumbani kwako.

Katika mifano nitatumia anwani zilizotengwa kwa ajili ya maandishi tu. Wewe tia zako. Seva ni 198.51.100.10, anwani ya tovuti ni 203.0.113.21. Daraja la vmbr0 liache kama lilivyo, usiliguse, maana ndilo linalokushikilia wewe. Tengeneza jipya lisilo na kadi halisi ndani yake, kwenye /etc/network/interfaces:

```
auto vmbr1
iface vmbr1 inet static
    address 10.10.10.1/24
    bridge-ports none
    bridge-stp off
    bridge-fd 0
    post-up ip route add 203.0.113.21/32 dev vmbr1
```

Mstari wa mwisho ndio roho ya jambo lote: unaiambia seva kwamba anwani hii iko ndani, upande huu. Anwani nyengine utakayoitumia inaongezewa mstari wake. Kisha uiruhusu seva ipitishe pakiti zisizo zake, kwa kutia `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye faili lililo ndani ya /etc/sysctl.d, uendeshe `sysctl --system`, umalizie na `ifreload -a`.

Ndani ya mashine ya tovuti, ambayo sasa kadi yake imehamia vmbr1, kama ni Ubuntu yenye netplan:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    ens18:
      addresses:
        - 203.0.113.21/32
      routes:
        - to: default
          via: 10.10.10.1
          on-link: true
      nameservers:
        addresses: [9.9.9.9, 1.1.1.1]
```

Wengi hukwama hapo kwenye /32 na on-link. Mashine ina anwani moja peke yake, haina majirani, na lango lake liko kwenye safu nyengine kabisa. Bila ya on-link itasema lango halifikiki, na haitajaribu hata kulitafuta. Ukiitia, inakubali kwamba lango liko kwenye waya huu huu na inaliuliza moja kwa moja.

Usikisie kama imefanya kazi au la. Kwenye seva andika `tcpdump -ni eno1 host 203.0.113.21`, amri inayoonyesha pakiti zinazopita, ukiweka jina la kadi yako badala ya eno1, kisha chukua simu, zima Wi-Fi, na piga ping anwani ile kwa data. Tazama kinachopita. Kama skrini imekaa kimya, pakiti haijafika kwenye seva. Hilo ni la kampuni, waandikie, na uwabandikie matokeo hayo hayo. Kama unaona `who-has 203.0.113.21` inajirudia na hakuna anayejibu, ina maana ruta yao inauliza nani mwenye anwani hii na seva yako imenyamaza. Basi tia `net.ipv4.conf.vmbr0.proxy_arp=1` ili seva ijibu kwa niaba ya mashine. Na kama unaona ombi la ping linaingia na jibu halitoki, fungua tcpdump nyengine kwenye vmbr1. Pakiti ikionekana eno1 na isionekane vmbr1, seva ndiyo inayoikalia: ama ip_forward haijawaka, ama mstari wa njia umekosewa, ama kuna faiwali njiani. Ikionekana pote pawili, ingia ndani ya mashine. Kwa kupita hivi hatua kwa hatua utajua tatizo liko wapi kabla hujagusa kanuni moja.

Kabla hatujaingia kwenye faiwali, niseme jambo kuhusu hizo anwani tatu. Anwani za IPv4, yaani hizi za aina ya zamani tunazozitumia hapa, ni ghali kwa sababu zimekwisha: hazina kuu ya dunia ilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na RIPE, wanaogawa kwa Ulaya, walimaliza zao Novemba 2019. Kinachouzwa sasa ni kile kile kinachozunguka mikononi mwa watu. Tovuti kumi zinaweza kukaa kwenye anwani moja nyuma ya programu ya seva ya tovuti kama nginx au Caddy, maana kivinjari hutaja jina la tovuti mwanzoni mwa mazungumzo. Na hifadhidata usiipe anwani ya nje kabisa. Hakuna kanuni ya faiwali inayoishinda hiyo. Moja kati ya tatu irudishe, usiilipie bure.

Hifadhidata itie kwenye daraja la tatu, vmbr2, nalo lisiwe na kadi halisi, lenye safu ya 10.20.20.0/24. Seva iwe 10.20.20.1, hifadhidata 10.20.20.5, na mashine ya tovuti ipewe kadi ya pili yenye 10.20.20.21. Mbili hizo zitazungumza humo humo ndani. Hifadhidata ikihitaji kushusha masasisho, seva itaifichia uso, yaani itazitoa pakiti zake kwa anwani ya seva yenyewe. Mistari hii itie chini ya vmbr2:

```
post-up iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.20.20.0/24 -o vmbr0 -j MASQUERADE
post-up iptables -t raw -I PREROUTING -i fwbr+ -j CT --zone 1
```

Mstari wa pili unaonekana wa ajabu, lakini usiuache. Faiwali ya Proxmox ikiwaka kwenye kadi ya mashine, miunganisho inayotoka kwa kufichwa huweza kufa bila ya sababu ya kuonekana, na huo ndio dawa iliyoandikwa kwenye mwongozo wa Proxmox wenyewe.

Sasa faiwali. Umeuliza kanuni zikae wapi. Pakiti inayokuja kwa seva yenyewe hupita mlango mmoja, unaoitwa INPUT. Inayokuja kwa mashine pepe hupita mlango mwengine, FORWARD, kwa sababu kwa seva hiyo ni pakiti ya kupitisha tu. Ndiyo maana mtu anafungua poti 443 kwenye seva na tovuti bado haifunguki: amefungua mlango ambao pakiti ile haipiti. Na ndiyo maana ninakataza kutia ufw, faiwali nyepesi ya Ubuntu, juu ya seva ya Proxmox. Kawaida yake ni kukataa kila kinachopitishwa, na ukiichanganya na faiwali ya Proxmox utakuwa na mabwana wawili na hujui nani amesema hapana.

Jibu langu: tumia faiwali ya Proxmox kwa vyote viwili, kanuni za seva kwenye ngazi ya seva, kanuni za kila mashine kwenye faili lake. Faiwali ya ndani ya mashine iwe nyongeza ukitaka, usiitegemee peke yake. Docker, programu inayoendesha huduma ndani ya makontena, ndiyo inayonifanya nisiiamini. Ukiwa na ufw ndani ya mashine na ukaendesha hifadhidata ya Docker kwa kuitangaza poti 3306, Docker huandika kanuni zake mbele, na ufw haiulizwi. Wewe unasoma "imekataliwa", dunia nzima inaingia. Faiwali iliyo nje ya mashine Docker haiwezi kuigusa.

Kanuni za mashine ya tovuti, tuseme namba yake ni 101, ziko /etc/pve/firewall/101.fw:

```
[OPTIONS]
enable: 1
policy_in: DROP
policy_out: ACCEPT

[IPSET ipfilter-net0]
203.0.113.21

[RULES]
IN ACCEPT -p tcp -dport 80
IN ACCEPT -p tcp -dport 443
IN ACCEPT -p icmp
IN ACCEPT -source 10.66.66.0/24 -p tcp -dport 22
```

Kile kipande cha ipfilter kinaizuia mashine kutoa pakiti kwa anwani isiyo yake. Siku mtu akikuvunjia tovuti, hatoweza kujifanya anwani nyengine, na wewe hutapata onyo jengine. Majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza hayahitaji kanuni, faiwali inayakumbuka. Ya hifadhidata ni fupi: `policy_in: DROP`, ruhusa moja ya poti 3306 kutoka 10.20.20.21, na SSH kama hapo juu.

Halafu kuna kisanduku kinachosahauliwa kuliko vyote: kwenye kadi ya mtandao ya kila mashine kuna alama ya Firewall. Isipotiwa tiki, kanuni zote hizo ni maandishi tu. Mashine ya tovuti sasa ina kadi mbili, basi tiki ni mbili.

Tunarudi kwako Wete. Ile safu ya 10.66.66.0/24 niliyoitia kwenye kanuni ni ya WireGuard, yaani VPN, njia ya siri kati ya kompyuta yako na seva. Usijaribu kuiruhusu anwani yako ya nyumbani. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, mara nyingi kwa kutumia safu ya 100.64.0.0/10 iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, na anwani ya nje inabadilika wakati wowote. Leo umeiruhusu, kesho ni ya mtu mwengine na wewe uko nje tena. WireGuard imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 5.6 la 2020, kwa hiyo ni suala la kutia zana zake na kubadilishana funguo. Iweke kwenye seva, seva iwe 10.66.66.1 na kompyuta yako 10.66.66.2. Kwenye kompyuta yako, ndani ya AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia WireGuard), tia 10.66.66.0/24 na 10.20.20.0/24 pamoja na anwani za nje za mashine. Ukizisahau hizo za nje, SSH yako kwenda kwenye tovuti itapita barabara ya kawaida na itakataliwa, nawe utadhani WireGuard haifanyi kazi.

Ikishaunganika na umeweza kuufungua ukurasa wa Proxmox kwa https://10.66.66.1:8006, ndipo urudi kwenye Datacenter. Tengeneza IPSet, yaani orodha ya anwani, yenye jina `management`, jina hilo hilo bila kubadilisha herufi, utie ndani 10.66.66.0/24. Ongeza kanuni inayoruhusu UDP poti 51820, ambayo ni ya WireGuard, kutoka popote. Halafu, kabla ya kuwasha, jiwekee kamba ya kukuvuta:

```
systemd-run --on-active=10min --unit=okoa /usr/sbin/pve-firewall stop
```

Washa faiwali, na uendeshe `pve-firewall start` maana mwanzoni uliisimamisha. Fungua dirisha jipya la SSH huku la zamani umeliacha wazi. Ukiingia vizuri, `systemctl stop okoa.timer`. Usipoingia, kaa, usiguse kitu. Dakika kumi zikipita faiwali itajizima yenyewe. Kwa sisi tulio mbali na seva zetu, umeme nao ukiwa na tabia zake, mimi siwashi kanuni yoyote ya mbali bila ya kamba hiyo.

Kisha jaribu kutoka nje, WireGuard ikiwa imezimwa, kwa data ya simu: `nc -vz 203.0.113.21 443` ikubali, 22 ikatae, na 198.51.100.10 kwenye 8006 ikatae. Jaribio lililofanywa ndani ya seva halithibitishi chochote. Na kama kampuni imekupa IPv6, aina mpya ya anwani, rudia majaribio hayo kwa anwani za IPv6 pia. Nimeona mashine zilizofungwa barabara upande wa IPv4 na upande wa pili ziko wazi kama uwanja.

Limebaki la barua pepe, ambalo ndilo pekee linalostahili anwani yake yenyewe. Kabla hujaitumia, itafute kwenye orodha za watumaji taka, kwa mfano Spamhaus. Anwani hizi zimeshapita mikononi mwa wapangaji wengine, na aliyekutangulia huenda aliichafua. Ikiwa chafu, omba wakubadilishie sasa, kabla hujaiandika kwenye DNS. Kwenye paneli weka jina la kinyume (reverse DNS) la anwani hiyo lilingane na jina la seva ya barua, kwa sababu Gmail huzitilia mashaka barua zinazotoka kwenye anwani isiyo na jina. Poti 25 ya kutoka kampuni nyingi huifunga kwa wateja wapya mpaka waombe. Basi unapojibu lile onyo la MAC, ukawaeleza kwamba umeihamisha mashine kwenye mpangilio wa ruta, waombe na hiyo humo humo.